Kabine ya Buluu Ndani ya Interna Yetu

Mwenye kupanga gazeti hili alituomba, sisi kapita wa interna, tuandike jambo moja mbele hatujaingia katika Egzame ya Serikali. Tunafikiri alingojea tuandike juu ya usafi wa mabafu. Juu ya mabafu tumekwisha kuandika mara mbili, na mabafu yangali vilevile. Leo tutaandika juu ya Munganga.

Tunasema «sisi» sababu ndivyo tulivyofundishwa kuandika gazetini. Pengine sisi hao ni watano tuliokuwa tunakaa kuzunguka telefone moja, pengine ni huyu mmoja tu anayeshika kalamu. Msomaji atatambua mwenyewe.

Munganga huyu ni mtu wa televisheni ya Waingereza. Jina la mchezo ni Doctor Who, maana yake Munganga Nani, na watoto wa kalasi ya kwanza wanapenda jina hilo kuliko la Kiingereza. BBC ya London ilianza kuuonyesha tarehe 23 mwezi wa 11, 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Kwetu mwaka ule ulikuwa mwaka wa mwisho wa secession: askari wa ONU waliingia Kolwezi mwezi wa kwanza. Babu zetu walikuwa na mambo mengine ya kuangalia.

Basi Munganga hana sindano wala vidonge. Anatoka sayari nyingine iitwayo Gallifrey, ana mioyo miwili, na anasafiri ndani ya nyakati, leo yuko Roma ya zamani, kesho yuko mwisho wa dunia. (Mchungaji wetu alipoelezwa habari hiyo aliuliza: huyu wa mioyo miwili, anampenda Mungu kwa moyo gani? Hatukuwa na jibu.) Tena akikaribia kufa hageuki maiti, anageuka mtu mwingine mwenye sura nyingine na tabia nyingine. Wazo hilo lilizaliwa katika shida. Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alikuwa mgonjwa, na mwaka 1966 ilibidi wamweke Patrick Troughton mahali pake. Badala ya kudanganya watu kwamba ni mtu uleule, walionyesha wazi kwamba amegeuka. Ndiyo sababu mchezo umeendelea miaka mingi hivyo. Wazee wanakwenda, Munganga anabaki.

Namna gani mambo hayo yalifika Lubudi? Hapa kwetu watu wanajua simenti, wanajua mto, wanajua gari-moshi linalokuja siku linayotaka. Televisheni, pale ambapo kuranti iko, inasema Kifaransa, Lingala na Swahili. Kiingereza tunakipata kwa mwalimu, saa chache kwa juma. Yalifika kwa kosa. Tulikuwa katika kalasi ya nne. Mmoja wetu anayetaka kusoma udaktari alikwenda sokoni kwa kijana yule anayetia filimu ndani ya kadi za telefone, akamwomba filimu ya waganga na hospitali. Kijana akatafuta, akaona neno Doctor, akatia. Tulilipa franka mia tano, tukangoja kuona mtu anapasuliwa tumbo.

Tuliona sanamu. Sehemu ile inaitwa Blink, ilionyeshwa Uingereza mwaka 2007, na ilikuwa imetafsiriwa Kifaransa. Kuna malaika wa mawe. Ukiwaangalia hawatembei. Ukifumba macho, hata mara moja, wamekwisha kukukaribia. Ajabu ni kwamba Munganga mwenyewe karibu haonekani katika sehemu hiyo, anatokea kidogo tu ndani ya televisheni, sawa mtu anayepiga telefone kutoka mbali, kwa hiyo siku ya kwanza hatukujua kabisa kwamba yeye ndiye mkubwa wa mchezo. Na pale ambapo mwanamke yuko peke yake na wale malaika, betri ya telefone ikaisha. Giza. Tulilala siku mbili bila kujua. Mmoja wetu alisema: hapa tuko salama, sisi Waprotestanti hatuna hata sanamu moja kanisani, wenye kuogopa ni Wakatoliki. Lakini usiku ule hakuna aliyekwenda nje kujisaidia peke yake, na yule aliyesema hivyo alikuwa wa kwanza kuamsha mwenzake.

Kupenda kitu cha mbali kuna vichekesho vyake. Tutaeleza vichache.

Munganga anasafiri ndani ya kabine ya buluu. Sisi tuliona kabine, tukafikiri kabine, yaani kale kanyumba ka mbao ambamo mtu anauza yunite za telefone. Mwingine alifikiri ni choo. Ilituchukua miezi kujua kwamba ni kibanda cha polisi. Zamani Uingereza, mbele polisi hawajakuwa na redio za mkononi, waliweka vibanda vile barabarani, na ndani kulikuwa telefone ya kuita kituo. Mtoto wa London wa 1963 aliona kitu cha kila siku ambacho kwa siri ni chombo cha kuruka. Sisi tuliona ajabu juu ya ajabu. Na kweli, ile kabine ni kubwa ndani kuliko nje, jambo ambalo mwanafunzi wa interna anaelewa upesi, maana katika dortuari yetu vitanda vilipangwa kwa watu arobaini na tunalala zaidi.

Halafu Dalek. Hao ni adui wakubwa, waliandikwa na Terry Nation na sura yao ikachorwa na Raymond Cusick, walionekana mara ya kwanza mwezi wa 12, 1963. Watoto wa Uingereza walijificha nyuma ya viti kwa kuwaogopa. Sisi tuliona mbabula iliyopinduliwa. Na mkono wake mmoja ni kile kitu cha mpira cha kuzibulia vyoo vya maji. Hapa shimo la choo haliombi mpira. Kwa hiyo sisi tuliogopa silaha pekee, mkono ule hatukuufahamu, na tulipoelezwa tulicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja na tochi.

Shida nyingine ni mpango. Anayekaa mbali hapati mambo kwa mpango. Kijana wa sokoni anatia anachopata. Juma moja Munganga alikuwa na sura tatu, halafu akarudi kijana, halafu akafa kifo ambacho tulikuwa tumekwisha kuona matokeo yake. Sehemu nyingine zilikuwa za Kiingereza tupu. Mwenzetu mwenye kujua Kiingereza anatafsiri polepole, na tukianza kucheka, ndani ya filimu wamekwisha kufika kwenye kilio.

Mara nyingi tulijiuliza kama watu wa mbali wanahesabiwa. Waingereza wanatengeneza, Waingereza wanaangalia, sisi tunaokota. Kisha tukasoma habari moja ambayo ilitutia kiburi kidogo, na tunaomba tuieleze vizuri, maana iko ya kweli.

Katika miaka ya 1960 kanda za kurekodi zilikuwa za bei kali, na BBC ilikuwa inazifuta ili izitumie tena. Hawakufikiri kwamba kuna mtu atataka kuangalia mchezo wa zamani. Hata nakala za filimu nyingi zikatupwa. Ndiyo sababu karibu sehemu 100 za miaka ile zilipotea. Lakini mbele ya kutupa walikuwa wameuza nakala kwa televisheni za nchi za mbali. Filimu zilitumwa ndani ya mikebe, kituo kimoja kikimaliza kinatuma kwa kingine. Zambia, jirani yetu tunakopata unga wa mahindi, ilikuwa kati ya nchi zilizonunua. Kitwe ilikuwa na televisheni tangu 1961. Nigeria vilevile. Na mwezi wa 10, 2013, ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizopotea zimeonekana Nigeria, katika mji wa Jos, ndani ya stoo ya kituo cha televisheni. Zilikuwa za 1967 na 1968, za wakati wa Troughton. Aliyezitafuta ni Mwingereza mmoja, Philip Morris.

Basi angalieni. Wenye kitu walikitupa, na kikabaki katika rafu ya watu ambao hakikutengenezwa kwa ajili yao. Tangu siku ile hatufuti kadi yoyote bila kufikiri mara mbili. Mmoja wetu anasema labda mwaka 2080 Mwingereza atakuja Lubudi kuuliza kapita wa interna ni nani.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wa tisa 2025, mwanzo wa mwaka wa masomo, alifika mwanafunzi mpya katika kalasi ya tano. Jina lake hatuliandiki. Yeye ni mtu wa Goma. Mji ule ulipotekwa na M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, alikimbia na mama yake na wadogo zake mpaka Bukavu. Bukavu nayo ikaanguka katika mwezi wa pili, wakateremka Uvira, wakapanda mashua ya Kalemie. Kalemie walikaa miezi. Halafu gari-moshi, siku nyingi, mpaka huku, sababu mjomba wake anafanya kazi Kolwezi na nyumba yake haikutosha watu wote. Alikuja na sanduku moja la bati, na kadi ya telefone ilikuwa ndani ya kiatu.

Jumamosi ya kwanza, saa za telefone, alitukuta tumeinama. Akasimama nyuma yetu bila kusema kitu. Halafu akasema: «Aah, munaangaliaka Doctor? Miye niko nazo zote za Ncuti.»

Zote, maana yake sehemu nane za mwaka 2024 na ile ya Noeli ya 2023. Kwa mpango! Moja mpaka nane! Wapendwa wasomaji, ninyi hamjui. Tulimpa kiti.

Ncuti Gatwa ndiye mweusi wa kwanza kushika kazi ya Munganga katika mfululizo mzima. (Mwaka 2020 mama mmoja mweusi, Jo Martin, alionekana naye akiwa Munganga, lakini hakuongoza mfululizo.) Alichaguliwa mwaka 2022. Tulipomwona kwa mara ya kwanza anatoka ndani ya ile kabine, anacheka, anacheza, tulinyamaza kidogo. Miaka miwili tulikuwa tumeangalia mzungu mmoja akigeuka mzungu mwingine. Huyu alikuwa na uso ambao unaweza kuukuta kwenye gari-moshi la Kamina.

Lakini uso ule unatoka wapi? Gatwa alizaliwa Kigali mwaka 1992. Baba yake ana udaktari wa teolojia. Mwaka 1994, wakati wa mauaji makubwa ya Rwanda, jamaa yake walikimbia, wakaenda Scotland, na huko ndiko alikokulia. Habari hiyo ilienea katika dortuari kwa siku moja. Ninyi nyote mnajua mwaka 2025 ulikuwa mwaka gani, na neno Rwanda lilikuwa linatamkwa namna gani katika nchi yetu. Kuna waliokuja kusimama karibu na telefone yetu na kusema: «Njo huyu munashangilia? Eko Munyarwanda!» Tukajibu kwamba ni mwigizaji, ni Mwingereza, aliondoka mtoto mchanga. Tulijibu vizuri. Juu ya mtu wa televisheni tulikuwa hodari sana.

Juu ya mtu aliyelala kitanda cha tatu hatukuwa hodari. Yeye alikuwa mrefu, mwembamba, na Swahili yake ni ya kule. Anasema alikimbiaka, tulikulaka, sisi tunacheka. Mwanzoni tulicheka kwa urafiki. Halafu wengine wakaanza kuuliza kwa nini anasema hivyo, na pua yake, na kama kweli alikimbia au alitumwa. Mambo ya kijinga, lakini yalisemwa usiku, taa zikiwa zimezimwa, na katika giza kila mtu ana ujasiri.

Alhamisi moja ya mwezi wa 11, asubuhi mbele ya kengele, tulikuta maneno yameandikwa kwa chaki juu ya sanduku lake la bati: RUDI KIGALI. Yeye alikuwa amekwenda kuoga. Ile herufi R tunaijua. Tumeiona ubaoni mara mia moja. Ni ya mmoja wa wale watano.

Hapa «sisi» ni mtu mmoja. Kapita alichukua kitambaa cha maji akafuta. Alifuta vizuri, mpaka alama haikuonekana. Halafu akaenda kuandika kaye ya kapita, kama kila asubuhi, na kwenye siku ile kumeandikwa: Dortuari safi, hakuna neno. Aliyeandika kwa chaki ni rafiki yetu tangu kalasi ya kwanza. Akishitakiwa angefukuzwa, na mama yake anauza mihogo kusudi asome. Tuliyapima hayo yote. Mama wa yule mwingine, aliye Kalemie, hatukumpima.

Jumamosi tukakaa kama kawaida, na rafiki yetu wa chaki naye akakaa. Tulikuwa tumefika sehemu ya nne. Mtu wa Goma akasema leo tuangalie ya tano, Dot and Bubble, na akaanzisha mwenyewe.

Sehemu hiyo inaonyesha mji wa vijana matajiri. Kila mmoja ana picha zinazomzunguka kichwa mchana kutwa, anaongea na marafiki zake ndani ya zile picha na hata kutembea hajui bila kuambiwa geuka kushoto, geuka kulia. Nje ya picha kuna madudu makubwa yanayowala kwa kufuata alfabeti ya majina. Tulicheka sana, maana kwetu Katanga yale madudu yangekaa kwenye herufi K mwaka mzima. Munganga anajaribu kuwaokoa. Mwishoni wachache waliobaki wamefika mahali pa salama kidogo, na Munganga anawaambia: njooni ndani ya kabine yangu, nitawapeleka, mkienda peke yenu porini mtakufa. Nao wanakataa. Hawataki kuingia kwake. Unaangalia nyuso zao moja moja, zote nyeupe, na polepole unafahamu juu ya nini. Munganga anawaomba. Anasema hajali wanamwona namna gani, waje tu wapone. Wanamwacha, wanapanda mashua yao. Naye anapiga kelele, hatuwezi kusema ni kilio au ni kicheko.

Rafiki yetu wa chaki alisimama. «Bajinga aba! Muntu anakuya kubaokoa, beye banakatala juu ya ngozi! Bafe bote!» Alikuwa na hasira ya kweli, tunaapa, machozi yalikuwa karibu.

Mtu wa Goma alisema: «Turudishe nyuma kidogo.» Tukarudisha pale Munganga anapopiga kelele. Tukaangalia mara ya pili. Mara hiyo hakuna aliyesema kitu, hata rafiki yetu. Alikaa chini na kuangalia mikono yake.

Halafu mdogo mmoja wa kalasi ya pili, ambaye hakujua lolote, akamwuliza: «Yaya, weye hauna kasirani naye? Eko wa Kigali.»

Akajibu bila kugeuka: «Ule alikimbiaka hajatimiza hata miaka mbili. Miye nilikimbia na kumi na saba. Utofauti njo iyo.» Akatoa telefone kwenye uzi wa kuchaji, akaturudishia.

Kama aliona chaki mbele hatujafuta, hatujui. Kama alichagua sehemu ya tano makusudi, hatujui. Hatukumwuliza. Tulikuwa na juma tano za kumwuliza.

Wakati wa Noeli alikwenda kwa mjomba wake Kolwezi, na mwezi wa kwanza hakurudi. Walisema amepata shule kulekule, karibu na nyumba. Inawezekana ni hivyo tu. Kadi yake ilibaki ndani ya telefone yetu, maana alituachia tumalize. Tumeangalia mpaka ya saba. Ya nane hatujaifungua. Tulisema tutaiangalia akiwepo, ingawa yeye amekwisha kuiona. Na mwisho wa Gatwa tunaujua tayari, kwa kusoma: aliondoka mwaka 2025, mwezi wa tano, na Munganga alipogeuka ulionekana uso wa Billie Piper, mwanamke ambaye zamani alikuwa msafiri mwenzake. Ndivyo ilivyo kwa watu wa mbali, tunajua mwisho mbele ya kuuona.

Rafiki yetu wa chaki amesoma karatasi hii mbele haijapigwa kwa mashine. Aliomba jina lake lisiwepo, na halipo. Aliomba vilevile tuongeze kwamba ameandika barua. Kaye ya kapita ya mwezi wa 11 ina uongo kwenye ile Alhamisi, na Bwana Prefe akitaka kutuita, tuko tayari kwenda ofisini kwake saa yoyote.

Kama kuna mwalimu au mzazi anayekwenda Kolwezi mbele ya Pasaka, tafadhali apite dortuari ya kwanza, kitanda cha karibu na mlango. Kadi tumeifunga ndani ya karatasi. Barua ni mbili.

Kapita wa interna, kalasi ya sita